Matembezi ya Krismasi Ujiji: mwongozo kamili wa kuongoza kikundi penye nyayo za Livingstone na Stanley

Krismasi ya mwaka 1871 Dk. David Livingstone, mmisionari na msafiri wa Kiskoti aliyekuwa hajulikani aliko, na Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta, waliila Ujiji. Siku mbili baadaye, tarehe 27 Desemba, walipanda mitumbwi wakaelekea kusini, kisha wakapanda bara kwenda Unyanyembe, sehemu za Tabora ya leo. Wote wawili waliandika kuhusu siku hizo, na maandishi yao yamekwisha kuwa mali ya umma: kitabu cha Stanley cha safari ile kilitoka 1872, na shajara za mwisho za Livingstone zikachapishwa 1874, baada ya kifo chake. Basi mtu wa Kigoma anayetaka kuwatembeza ndugu, wanafunzi au wageni wakati wa sikukuu ana jambo ambalo miji mingi haina. Anaweza kusimama mahali penyewe, ndani ya juma lenyewe, akasoma kilichoandikwa kuhusu hapo.

Kinachokosekana kwa kawaida ni matayarisho. Watu hufika kwenye mnara wa kumbukumbu ya kukutana kwao, hupiga picha, husema yale maneno maarufu ya Stanley, na baada ya dakika kumi wanauliza soda iko wapi. Mwongozo huu ni wa matembezi ya saa tatu hivi, na chakula baada yake, kwa kikundi cha watu 12 hadi 18. Wakizidi hapo, wa nyuma hawasikii kitu na barabara za Ujiji zinaziba.

Siku na saa

Tarehe 25 waachieni kanisa na familia. Siku nzuri ni tarehe 26, ambayo ni sikukuu ya taifa na watu wako nyumbani, au tarehe 27, ambayo ndiyo siku wale wawili walipoondoka. Kama 26 ni Ijumaa, maliza kila kitu kabla ya saa sita mchana. Ujiji ni mji wa Waislamu wengi, na kikundi kinachoimba mtaani watu wakielekea Ijumaa ni kukosa adabu, hata kama hakuna atakayekikemea.

Usipange saa kwa mazoea ya Dar es Salaam. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi lakini inatumia saa ileile, hivyo mwezi Desemba jua huchomoza karibu saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, na huwa utosini karibu saa saba mchana. Adhuhuri huadhiniwa muda mfupi baada ya hapo. Tena ni masika ya huku: asubuhi mara nyingi ni nzuri, mawingu hujikusanya mchana, na radi hupiga alasiri. Ratiba inayofaa ni kukutana saa 2:15, kuanza kutembea saa 2:30, kumaliza mwendo saa 5:15, kula saa 5:45, na kutawanyika saa 6:45, kabla ya adhana.

Wiki mbili kabla

Kwanza nenda ukaione njia kwa miguu, saa ileile mtakayotembea na watu. Kikundi hutembea polepole kuliko mtu mmoja. Hesabu kilomita mbili na nusu kwa saa, na mzunguko wote usizidi kilomita nne. Andika mahali penye kivuli, choo, na paa la kukimbilia mvua ikinyesha. Katika kila kituo simama dakika tano nzima. Kama pikipiki zinapita mfululizo, sogeza kituo mita hamsini pembeni, maana hakuna sauti ya binadamu inayoshindana na bodaboda.

Pili, pita kwenye ofisi ya serikali ya mtaa umweleze mwenyekiti mko wangapi, mnapita wapi, na kama kutakuwa na ngoma. Mtembelee pia mhifadhi wa Makumbusho ya Livingstone, umwulize saa za kufungua siku ya sikukuu, kiingilio cha raia na cha mgeni, na kama kikundi kinaruhusiwa kusoma kwa sauti ndani ya uwanja. Usitegemee kwamba patakuwa wazi kwa sababu mwaka jana palikuwa wazi. Ukitaka kuifanya kazi hii kwa malipo, uongozaji wa watalii una leseni yake. Ulizia kwanza ofisi inayohusika na maliasili na utalii. Kwa ndugu na marafiki mnaochangiana nauli na chakula, mambo ni mepesi.

Tatu, tayarisha visomo. Chagua vipande vitano na uvitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili cha kusemwa. Kisomo cha nje kisizidi maneno 200. Kwa mwendo wa kusikika, yaani maneno kama 100 kwa dakika, hizo ni dakika mbili, na baada ya hapo macho ya wasikilizaji huanza kutembea. Kiandike kwa herufi kubwa upande mmoja wa karatasi na ukitie kwenye mfuko wa plastiki. Mgawie kila msomaji kisomo chake siku tatu kabla. Anayesoma kwa mara ya kwanza mbele ya watu hula maneno.

Watu wa kuwataja

Hapa ndipo matembezi mengi yanapopwaya. Ukisimulia wazungu wawili tu, utakuwa umesimulia nusu ya kilichoandikwa. Safari ile ilibebwa na watu, na majina yao yamo humo humo vitabuni. Waingize tangu mwanzo, na uwape washiriki nafasi za kuwaigiza.

Sidi Mubarak Bombay alifika Ujiji Februari 1858 pamoja na wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke, kisha akafika tena 1871 na Stanley. Alikuwa ameliona ziwa hili miaka kumi na tatu kabla ya Stanley. Abdullah Susi na James Chuma walikuwa watu wa Livingstone. Susi ndiye aliyetokea kwenye umati akamsalimu Stanley kwa Kiingereza, Stanley akashtuka, kisha Susi akatimua mbio kwenda kumwarifu bwana wake. Livingstone alipofariki kwa mtemi Chitambo, katika Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873, Susi na Chuma walikuwa miongoni mwa waliokausha mwili wake na kuubeba hadi Bagamoyo. Ferajji alikuwa mpishi wa Stanley; huyu tutakutana naye sokoni na jikoni. Mwinyi Kheri alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji, na sehemu ya mahitaji ya Krismasi ile ilitoka kwake. Yuko pia mtoto Kalulu, aliyekuwa katika msafara wa Stanley na aliyekufa maji katika mto Kongo mwaka 1877. Stanley alilitumia jina lake katika hadithi ndefu ya kubuni aliyoiandika baada ya safari. Watoto wa kikundi humkumbuka Kalulu kuliko mtu mwingine yeyote, kwa hiyo mwachie mtoto asome habari zake.

Kituo cha kwanza: juu ya mji

Wanaotoka Kigoma mjini wapande daladala inayopitia Mwanga hadi Ujiji. Msianzie kwenye mnara. Anzieni sehemu ya juu, upande wa mashariki, ambako ziwa linachungulia kati ya michikichi na miembe, kwa sababu msafara wa Stanley uliingia ukitoka upande huo na kitu cha kwanza kilichowafurahisha kilikuwa maji yale. Mahali hapa utapapata wakati wa kuikagua njia.

Soma kipande cha kuliona ziwa. Kisha eleza kwa sentensi chache: walikuwa wametoka Bagamoyo mwezi Machi, wakachelewa Unyanyembe kwa sababu ya vita na mtemi Mirambo, na walipokaribia Ujiji wakafyatua bunduki kuwatangazia watu kwamba msafara umefika. Ninyi tumieni ngoma moja na vigelegele. Fataki na baruti achaneni nazo kabisa.

Shuka kwa mstari. Kiongozi anakuwa mbele, na msaidizi anafunga mkia akiwa na maji ya akiba, dawa ya kwanza na orodha ya majina. Hesabu watu kila mnapoondoka kituoni. Si wanapofika, maana waliochelewa huwa bado wanakuja.

Kituo cha pili: sokoni

Hiki ndicho kituo chenye uhai zaidi, na kipewe dakika 30. Asubuhi ya Krismasi 1871 Stanley alikuwa dhaifu, homa ilikuwa imemtoka usiku uliotangulia, lakini aliamka akavaa, akamweleza Ferajji umuhimu wa siku ile. Ameorodhesha vilivyopatikana katika soko la Ujiji na kwa Mwinyi Kheri: kondoo wenye mikia minene, mbuzi, pombe, mayai, maziwa mabichi, ndizi, unga laini wa mahindi, samaki, vitunguu, viazi vitamu.

Usomeni orodha hiyo sokoni, kisha wagawe watu wawili wawili, kila jozi ipewe kitu kimoja cha kutafuta na dakika kumi na tano. Mpe kila mmoja pesa kamili, tena noti ndogo, maana chenji sikukuu ni taabu. Vitu vingi bado vinapatikana. Kondoo ndiye wa shida, kwa hiyo mwagize mapema kwa mchinjaji. Nyama yote ichinjwe na Mwislamu, ili wenyeji watakaokaribishwa wale bila wasiwasi. Pombe iondoeni kwenye orodha, na katika mitaa hii isionekane hata kwenye mifuko.

Wauzaji waamkie kwanza. Bibi anayepanga mafungu ya dagaa hapigwi picha kama kitu cha maonyesho: "Shikamoo bibi, habari za sikukuu?" ndiyo njia, kisha nunua fungu moja, kisha uombe picha. Akikataa, basi.

Kituo cha tatu: njia ya miembe

Hapa hapana nyimbo. Njia ya Ujiji ilikuwa njia ya misafara ya pembe na ya watumwa, na husimuliwa kwamba miembe mingi ya huku ilitokana na kokwa zilizotupwa na misafara. Livingstone alirudi Ujiji Oktoba 1871 akiwa hoi, akitokea Nyangwe, mji wa soko upande wa Kongo. Huko, tarehe 15 Julai, aliona wafanyabiashara wa watumwa wakiwapiga risasi watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake, na wengine wakafa maji mtoni. Kwa kukosa karatasi alikuwa akiandika juu ya magazeti ya zamani, kwa wino uliotengenezwa na mimea. Alipofika Ujiji akakuta bidhaa zake zote zimekwisha kuuzwa.

Msomaji wa hapa awe mtu mzima mwenye sauti tulivu. Wakiwamo watoto wadogo, sema kwamba watu waliuawa sokoni na usiingie katika maelezo. Baada ya kusoma, tembea mita mia mbili bila kuzungumza, ndipo uendelee na ratiba. Viongozi wengine hukiruka kituo hiki kwa kuwa ni sikukuu. Tusikiruke. Bila Nyangwe, mtu haelewi kwa nini yule mzee alikuwa na hali ile Stanley alipomkuta, wala kwa nini barua alizoandika Ujiji ziliwashtua watu Uingereza.

Kituo cha nne: mnara na makumbusho

Wapeni nafasi ya igizo dogo: Susi anatokea upande wa kulia, anasalimu, anakimbia, Bombay na wapagazi wanasimama nyuma, Stanley anavua kofia. Igizo lisizidi dakika tatu. Yale maneno, "Nadhani wewe ndiye Dk. Livingstone", mwache Stanley ayaseme, kisha uwaambie watu ukweli wake. Stanley aliyachapisha, lakini ukurasa wa tukio lile katika shajara yake ulichanwa, na Livingstone hakuyaandika popote. Huenda yalisemwa, huenda yalitungwa baadaye. Na tarehe 10 Novemba iliyoandikwa kwenye mnara ni hesabu ya Stanley. Watafiti wengine huirudisha nyuma hadi mwishoni mwa Oktoba, kwa sababu wote wawili walikuwa wamepoteza hesabu ya siku kwa magonjwa.

Mwembe wenyewe ulikufa zamani. Miembe iliyopo sasa huelezwa kuwa ni uzao wake. Msichume majani wala msiandike majina kwenye gome. Waonyeshe pia alama ya kufika kwa Burton na Speke mwaka 1858, ambayo wengi huipita bila kuiona.

Swali utakaloulizwa hapa, bila shaka yoyote, ni hili: kama walikutana karibu na ufuko, mbona ziwa liko mbali? Jibu lake linaridhisha sana. Wakati ule Ziwa Tanganyika lilikuwa limejaa kupita kiasi, kwa kuwa mlango wake wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, ulikuwa umezibwa na matope na mimea. Miaka ya 1870 maji yalizidi nguvu, yakafungua njia, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Ufuko ukaondoka, mnara ukabaki mahali pake. Wakazi wanaokumbuka maji yalivyopanda na kufunika sehemu za mwambao miaka hii ya karibuni wataelewa mara moja.

Ndani ya makumbusho kuna sanamu za wale wawili za ukubwa wa mtu. Ingieni nusu nusu. Nusu ya nje ipewe mananasi na maji, nusu ya ndani dakika 15, kisha wabadilishane.

Kituo cha tano: ufukoni

Kituo hiki ni kifupi. Mafundi wa boti wakiwa kazini, ombeni ruhusa mtazame wanavyotia kalafati kuziba nyufa kati ya mbao. Tarehe 27 Desemba waliondokea pwani hii. Soma kipande cha kuondoka na uimbe wimbo mmoja wa Krismasi, mmoja tu, kisha mrudi kula. Watoto wasiingie majini. Mwambao una utelezi, na Desemba upepo hubadilika ghafla.

Chakula: karamu ambayo Ferajji aliiharibu

Karamu ile ilishindikana. Stanley anaandika kwamba Ferajji aliharibu nyama ya kuoka na kastadi ikaungua. Livingstone naye, siku ya pili yake, aliandika kwamba Krismasi ilikuwa duni. Kumbuka kwamba Ferajji alikuwa mpishi wa safarini, anapika juu ya mafiga kwa maelekezo ya mtu aliyetoka kuugua homa. Kuipika karamu hiyo vizuri ni heshima kwake, na ndiyo raha kubwa ya matembezi haya. Vipimo hivi ni vya watu 15.

Nyama: mapaja mawili ya kondoo, jumla kilo 5 pamoja na mifupa. Usiku uliotangulia yapake chumvi vijiko vitatu vya chakula, kitunguu saumu, tangawizi na ndimu nne, uyahifadhi kwenye jokofu au sanduku la barafu. Kinachoharibu nyama ya mkaa ni mafuta: yanadondokea moto, moto unalipuka, nje inakuwa nyeusi na ndani bado damu. Kwa hiyo sukuma mkaa pande mbili za jiko, weka sinia ya bati katikati kukinga mafuta, nyama ikae juu ya sinia na ifunikwe. Igeuze kila baada ya nusu saa na ongeza mkaa uliokwisha kushika. Itachukua saa mbili hadi mbili na nusu, hivyo mpishi aanze saa tatu asubuhi. Choma kisu karibu na mfupa: maji yakitoka meupe, imeiva.

Kastadi: maziwa lita 2, mayai 16, sukari gramu 250, iliki iliyotwangwa kijiko kimoja cha chai, chumvi chembe. Inaungua kwa sababu maziwa yenye sukari hushika kwenye kitako chembamba cha sufuria ya alumini, na inakatika kwa sababu yai halivumilii kuchemka. Dawa ya yote mawili ni kutoigusisha moto. Pasha maziwa mpaka yatoe mvuke bila kuchemka. Piga mayai na sukari taratibu pasipo povu, mimina maziwa kidogo kidogo huku unakoroga, kisha chuja. Gawa kwenye vikombe vya bati au bakuli ndogo. Katika sufuria pana tandika kitambaa, panga vikombe, mimina maji ya moto yafike nusu ya vikombe, funika kwa kitambaa na mfuniko ili mvuke usidondoke ndani. Mkaa uwe kidogo. Maji yatetemeke tu. Baada ya dakika 35 tikisa kikombe kimoja: pembeni imeshika na katikati inacheza kidogo, basi epua, itamalizika yenyewe. Ukiona vitundu, moto ulikuwa mkali. Kwa joto la Desemba iliwe ndani ya saa mbili, au ikae kwenye barafu.

Zaidi ya hapo: migebuka 8 wa kukaanga kwa mawese, viazi vitamu kilo 4 vya kuchemsha, ndizi, ugali kidogo. Stanley alikuwa amebeba chupa ya shampeni hadi Ujiji, wakainywa siku ya kukutana. Ninyi nyanyueni glasi za maji ya nanasi, na kabla ya kunywa kila aliyeigiza mtu wa safari ataje jina la mtu huyo: Susi, Chuma, Bombay, Kalulu, Ferajji.

Yanayoharibika mara nyingi

Mvua ikianza mkiwa njiani, msikimbie wala msijifiche chini ya mwembe, kwa sababu radi za huku ni za kweli. Ingieni barazani, ombeni hodi, na kisomo kinachofuata kisomewe hapo. Wenye nyumba kwa kawaida hutoka kusikiliza. Watoto wa mtaani wakifuata msafara, wape kazi ya kupiga makofi kwenye nyimbo, wala usiwagawie pesa, maana aliyekosa atalia na kikundi kijacho kitasumbuliwa. Jua likiwazidi wazee, mwite bajaji awapeleke moja kwa moja kwenye mnara. Namba ya dereva mmoja iwe mfukoni tangu asubuhi. Kila mtu abebe maji lita moja na nusu, kofia, na viatu vilivyofunikwa. Kina mama wawe na khanga ya ziada, hasa mtakapopita karibu na misikiti.

Gharama ipigwe hivi: jumlisha chakula, mkaa, kiingilio, mpishi na bajaji, ongeza sehemu moja ya kumi kwa dharura, gawa kwa watu, na pesa ikusanywe siku tano kabla. Anayeahidi kulipa palepale mara nyingi haji, na kondoo amekwisha kuchinjwa.

Mkiwa na siku ya pili, itumieni Kigoma mjini: stesheni ya reli, ambayo njia yake ilifika mwaka 1914, na habari za MV Liemba, meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande ndani ya masanduku, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Hiyo ina visomo vyake na njia yake, na haichanganyiki na ya Ujiji kwa siku moja bila watu kuchoka.